Mwanamkuu, Mchora Visogo wa Kibuyuni

Simu ikilia, na anayekupigia ni mwanao aliye mbali, neno lako la kwanza huwa ni lipi? Wengine huuliza, umekula? Wengine huuliza, u mzima? Wasikilizaji wapendwa, yuko mama mmoja Kibuyuni, upande wa Shimoni, ambaye neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Umechora nini leo?" Na alikuwa akiliuliza kwa hofu.

Leo tunamkumbuka binti wa mama huyo. Jina lake Mwanamkuu Othman. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa nne, katika chuo kikuu kimoja huko bara. Amefariki mwezi wa saba, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na tatu. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: tunamkumbuka Mwanamkuu Othman wa Kibuyuni, mwanafunzi wa sanaa.

Mwanamkuu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaokamata mifupa. Maumivu yakimjia alikuwa akiuma pindo la kanga ili babake asimsikie. Mamake, Bi Zulekha, ni mkulima wa mwani. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, huingia kufunga mwani kwenye kamba. Mtoto hakuachwa nyumbani, asije akashikwa na ugonjwa hana mtu. Basi alikuwa akimfuata mama nyuma kwa nyuma, na mama alipoinama kufanya kazi, yeye aliketi kwenye mchanga uliokauka, na kijiti mkononi, akichora.

Alichora mchangani. Alichora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, nyuma ya mtungi, mahali alipodhani hapaonekani. Alipokua akawa anawachora maharusi piko, ile rangi nyeusi ya mikononi na miguuni, na maua yake hayakuwa ya kuiga.

Barua ya chuo kikuu ilipokuja, babake, Mzee Othman, fundi wa mashine za boti, alitoka barazani na kutangaza, "Mwanamkuu ameitwa chuo!"

Jirani yao Jumwa, ambaye ulimi wake haukai kitako, akamjibu kutoka uani, "Chuo? Si alihitimu zamani huyo? Ama amesahau alifu na bee?"

Mnajua sisi huku chuo ni cha Qur'ani kwanza, hicho kingine kimekuja baadaye.

"Chuo kikuu, Jumwa. Anakwenda kusomea kuchora."

"Kuchora! Chuoni sisi tukichora ubaoni twala bakora, leo mtu anasafiri mpaka bara akafundishwe? Kama ni piko, na aje kwangu, aniletee kuku tu."

Watu walicheka. Bi Zulekha hakucheka. Hofu yake ilianzia hapo, na nataka muielewe vizuri, kwa sababu haikuwa hofu ya kijinga.

Bi Zulekha alifundishwa chuoni, tangu mdogo, kwamba mwenye kuchora chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama akitie roho, na hataweza. Hivyo ndivyo alivyosomeshwa. Lakini yeye, kwa kuwa na mtoto mgonjwa, alilivuta neno hilo likafika karibu zaidi. Aliona uso ukishachorwa haungoji Kiyama. Huanza kudai roho papa hapa, na huidai kwa aliye karibu, mwenye mkono uliouchora. Na roho ya mwanawe aliiona nyembamba kama uzi.

Usiku wa kuamkia safari alimshika mwanawe viganja viwili. "Chora miti. Chora majumba. Chora mwani wote wa Kibuyuni. Uso usichore."

"Naam, mama," akasema Mwanamkuu.

Akaenda. Huko bara alikuta baridi, na alikuta studio ya idara: chumba kirefu, chenye harufu ya rangi na mafuta ya taa, na juu ya rafu, vichwa vya plasta vyeupe visivyo na mboni. Mwenzake wa chumbani, Judy, aliniambia, "Bibi, Mwanamkuu alikuwa haingii kabla hajasoma Ayatul Kursi mlangoni. Mimi nilikuwa namwambia, ni plasta hiyo, haiumi. Ananiambia, usijibu kwa niaba yake."

Mwaka wa kwanza ulipita kwa vyungu, viti na nguo zilizotundikwa. Mwaka wa pili wakaanza kuchora watu. Wenzake wakikaa mbele ya anayechorwa, Mwanamkuu alibeba kiti chake akaenda nyuma. Alichora visogo, migongo, mafundo ya vilemba, nywele zilizosukwa. Wenzake wakampa jina. Wakamwita Kisogo.

"Kisogo, leo unatupa mgongo wa nani?"

"Wako. Ndiyo sehemu yako nzuri."

Judy naye alichorwa. Akaitazama picha, akasema, "Mamangu ataniuliza, huyu ni wewe ama ni msumari wa kutundikia koti?"

Likizo moja hoteli ya Diani ilimpa kazi ya kupaka ukuta mzima. Akachora wanawake wa mwani wakiingia baharini. Meneja akasimama, akakuna kidevu. "Mbona watu wako wote wametupa kisogo? Wageni watadhani tumewakosea."

"Wanakwenda kazini, bosi. Wakirudi utawaona nyuso."

Wenzake nao walikuwa wakifunguliwa milango. Mmoja anachora vitabu vya watoto, mwingine ameitwa ng'ambo. Mwalimu wake, Bwana Elijah, alimwambia waziwazi, "Mgongo wa mtu unaujua kuliko mimi. Lakini ili uhitimu, idara inataka uso. Uso mmoja wa mtu aliye hai."

Basi siku moja, mwaka wa tatu, alijaribu. Alimweka Judy dirishani, akashika mkaa wa kuchorea, akaanza na macho. Macho tu. Kabla hajafika puani, mifupa ikamkamata. Akaanguka pale chini ya rafu ya vile vichwa. Judy akapiga simu Kibuyuni. Bi Zulekha hakuuliza anaumwa wapi. Aliuliza lile swali lake. Na Mwanamkuu, amelala kwenye machela, akajibu, "Macho, mama. Macho mawili tu."

Mzee Othman anasema mkewe alipiga ukelele hata mbuzi wakakata kamba.

Judy alirudi studio akayafuta yale macho kwa kipande cha mkate, kama wanavyofuta wachoraji, akautupa mkate ule mbali, asiule hata ndege. Daktari alisema ni baridi na kukosa kunywa maji. Daktari alisema kweli. Lakini hofu haina masikio. Tangu siku ile ikawa ya watu wawili, mama na binti.

Mwaka wa nne ukafika. Mwanamkuu akapiga simu nyumbani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechora nini leo?"

"Sijachora. Nakuomba ruhusa. Uso mmoja tu nihitimu. Na ninataka uwe wako."

Bi Zulekha akaihamisha simu sikio la pili. Kisha akasema, "Nipe nifikiri."

Akafikiri. Simu ikilia, anaifunika kwa kanga kama mtu anayefunika chungu. Mzee Othman akamwambia, "Mpe mwana jibu lake, Zulekha."

"Nikisema ndiyo, akafa, nani atanibebea hatia hiyo?"

"Na ukisema hapana?"

Mama akachukua kamba zake za mwani, akatoka.

Mwezi wa saba baridi ya bara ikaja na mvua nyembamba. Mwanamkuu alilazwa, na safari hii hakutoka. Alirudishwa Kibuyuni, akazikwa kwao. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Jibu la mama lilikuwa halijafika.

Baada ya arobaini, Bwana Elijah na Judy walileta kitu. Turubai kubwa la kuchorea, kimo cha mlango, limefungwa kwa shuka. "Ni kazi yake ya mwisho," akasema mwalimu, naye hakuwahi kuruhusiwa kuitazama. Wakaiegemeza chumbani ikielekea ukutani. Wasikilizaji wapendwa, chumba kile hakikulalwa. Watoto wa jirani wakawa wanapita mbali na dirisha lake.

Bi Zulekha alituma niitwe, mimi Biasha wenu wa redio. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Biasha, kama ni uso wangu, basi mimi ndiye niliyemmaliza. Roho yake imo mle."

Nikakaa naye. Mzee Othman akaigeuza picha, akasoma Bismillahi, akalifungua shuka pembe moja baada ya nyingine.

Ilikuwa bahari imetoka. Ilikuwa kamba za mwani. Na mwanamke ameinama, kanga imelowa mpaka mapajani, fundo la kilemba limelegea upande mmoja kama anavyolifunga yeye. Ni Bi Zulekha, kutoka nyuma. Uso haupo.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Othman. "Alhamdulillahi," nasi tukaitika. Judy akalia. Bwana Elijah akasema, "Alikuwa anangoja jibu."

Mwanamkuu Othman wa Kibuyuni alikaa karibu miaka minne na, ukiyatoa macho mawili tu, hakuvunja neno alilompa mama yake. Kwa Mzee Othman, kwa Bi Zulekha, kwa Judy na wenzake wote wa idara ya sanaa, tunawapa mkono wa pole sisi wa redio na ninyi mnaosikiliza. Mola amrehemu, awape subira. Nanyi wenye watoto walio mbali, leo kabla hamjalala, jiulizeni: unamwogopea mwanao, ama unamwogopa? Na kama anangoja neno lako, anangoja tangu lini?

La mwisho si langu. Siku ile, sote tulipokwisha kushukuru, Bi Zulekha hakuwa ameshukuru. Alikuwa amekaa mbele ya picha, akipapasa kisogo chake mwenyewe.

Nikamwambia, "Zulekha, mwanangu, tua moyo. Uso haupo."

Akatikisa kichwa.

"Nilitaka anigeuze," akasema. "Bi Biasha, tangu siku ile aliyoniomba, nilitaka anigeuze."