Kondoo Ambaye Jaji Thekisho Hakumtoa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tshenolo Mothupi, mdogo wake marehemu, na karatasi hii nimepewa na wazee wa ukoo wa mumewe niisome kama ilivyo, ila wamekata ukurasa mmoja, nami huo nimeuandika upya kwa mkono wangu, kwa hiyo anayetaka kutoka nje atoke sasa.

Jaji Galeboe Thekisho alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Lotlhakaneng, nje ya Zeerust, akamaliza sekondari Mafikeng mwaka 1971, kisha akaajiriwa karani kwa wakili mmoja aliyemwambia, "Binti, wewe kazi yako chai," naye chai akapika, huku akisoma sheria kwa njia ya posta miaka sita, mpaka akasimama mahakamani kumpinga wakili yuleyule, akamshinda. Mwaka 1980 aliolewa na Mwalimu Modisaotsile Thekisho, wakajaliwa watoto wawili, Boitshoko na Goabaone. Aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1999, na mwaka 2010 akapandishwa Mahakama ya Rufaa kule Bloemfontein.

Sasa ule ukurasa. Shemeji Modisaotsile tulimzika hapahapa tarehe 12 Agosti 2006, dada akavaa nguo nyeusi, na kwa desturi yetu mjane hukaa ndani mwaka mzima, hapiti katikati ya watu, lakini alikuwa ameahidi kusoma hukumu tarehe 7 Septemba, kesi ya watu wa Matlapeng, kaya mia mbili na kumi ambazo mgodi ulitaka kuzibomolea nyumba, na matingatinga yalikwisha kufika. Alikwenda, akavaa joho juu ya ule weusi, akasoma hukumu, na nyumba hazikubomolewa. Wazee wakamtoza kondoo wa kujitakasa, akakataa katakata, na mzee Radikobo, kaka mkubwa wa shemeji, ambaye namwona hapo mbele amenuna, akamfokea, "Umetuletea mkosi, ng'ombe wangu tisa wamekufa!" naye akamjibu, "Shemeji, wamekufa kwa sababu hukuwachanja, usinisingizie."

Alistaafu mwaka 2021, akaugua figo, akafariki Jumatatu, tarehe 5 Juni 2023, hospitalini Mafikeng, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na jamani, naumia.

Juzi mzee Radikobo ametutangazia kwamba bila kondoo yule dada hatalala kando ya mumewe, na vijana wa ukoo wakakatazwa kushika sululu. Sisi akina Mothupi kondoo tunao zizi zima, lakini hatutoi hata mkia, maana kumtoa ni kukiri kuwa dada alikosa, na hakukosa!

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, majirani mliotupikia mtama na maharagwe wiki nzima, majaji wenzake mliotoka mbali, na wanawake wa Matlapeng, ambao leo alfajiri waliingia makaburini na sululu zao wenyewe, ingawa kwetu mwanamke hachimbi kaburi, wakachimba ubavuni mwa Modisaotsile mpaka futi sita zikatimia, na sasa wamesimama pale wamelizunguka. Mzee Radikobo, ukitaka kuwatoza kondoo, haya, nenda kawaambie.

Dada Galeboe, mumeo anakungoja, kalale naye kwa amani.