Fortunée Numbi na Tuta Lililovuja Joto

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Kikula, Kambove na kwingineko, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Fortunée Numbi, mpima ardhi, mtoto wa Kikula, hapa Likasi. Amefariki akiwa na miaka thelathini na minne. Tunamkumbuka kwa upendo. Tunamkumbuka kwa hasira pia, na hasira hiyo hatutaificha.

Fortunée alizaliwa Kikula, binti wa Mama Bibiane, mkulima wa mboga ya lenga-lenga kando ya kijito kinachopita chini ya mtaa. Alisomea upimaji Lubumbashi, akarudi nyumbani. Wenzake wengi walibaki kule. Yeye alirudi.

Kazi iliyomjulisha kwa watu ilikuwa ya droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Chini yake alifunga kamera inayoona joto. Kamera hiyo haipigi picha ya rangi za vitu. Inapiga picha ya moto na baridi: penye joto panang'aa, penye baridi panakuwa peusi. Miaka miwili Fortunée alirusha droni juu ya Kikula, akitafuta mahali jua linapotesa watu zaidi. Mwezi wa kumi alipima bati la shule moja ya msingi. Digrii sitini na moja. Chini ya bati hilo walikaa watoto hamsini na wanane wakijifunza kusoma. Hakungoja mradi. Aliwaita wazazi, wakachanganya chokaa, wakapaka bati zima jeupe kwa siku moja ya Jumamosi. Joachim, mwenzake wa kazi, anasema Fortunée ndiye aliyepanda ngazi wa kwanza, akashuka wa mwisho, nywele zote nyeupe kama za bibi.

Halafu ikaja Julai ya mwaka jana. Wasikilizaji, mnaijua baridi ya Julai hapa Likasi. Asubuhi moja Mama Bibiane alirudi kutoka bustanini akamwambia binti yake jambo.

"Maji ya kijito iko moto," alisema. "Banamama banafurahi, banafula nguo bila kusikia baridi. Lakini lenga-lenga yangu inakauka."

Fortunée hakufurahi. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijachomoza, alirusha droni kufuata kijito kuelekea juu. Huko juu kuna kiwanda cha kuchenjua shaba, na kiwanda kina bwawa la maji machafu. Maji hayo hutoka kiwandani yakiwa ya moto. Yanazuiwa na tuta refu la udongo. Kwenye picha, Fortunée aliona mstari unaong'aa nje ya tuta, chini kabisa, mahali panapotakiwa kuwa na udongo mkavu na baridi.

Maana yake ni moja. Maji ya moto yalikuwa yanapenya ndani ya tuta. Tuta lilikuwa linaoza kutoka ndani.

Narudia, wasikilizaji: hiyo ilikuwa Julai. Tuta lilivunjika Novemba.

Fortunée alipeleka picha kiwandani. Mkuu wa usalama alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamweleza kwamba jua ndilo linalopasha udongo. Fortunée alimjibu kwamba picha ilipigwa jua halijatoka. Hapo yule bwana akaacha kuzungumza juu ya tuta. Akauliza juu ya kibali. Nani alimruhusu kurusha droni juu ya kiwanda?

Siku tatu baadaye watu wawili wenye karatasi ya amri walifika nyumbani kwa Mama Bibiane, wakachukua droni na kamera. Siku tatu tu! Kuja kukamata droni kulihitaji siku tatu. Kuja kutazama tuta, miezi minne haikutosha.

Aliandika barua kwa ofisi tatu za serikali. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na picha zake. Ofisi zilipiga muhuri kwamba zimepokea. Tumeziona nakala. Mihuri ni mizuri, wino haujafifia. Hakuna aliyejibu.

Bila droni, alibaki na kipimajoto cha kawaida. Alikifunga kwenye ufito, na kila Alhamisi akashuka kwa miguu kupima maji yanayotoka chini ya tuta. Mama yake alimwomba aache, maana mtaani walishaanza kumwita mtu wa matatizo.

"Mama, kama minye naacha, nani atapima?" alimjibu. Akavaa buti, akaenda.

Novemba, Alhamisi ya tatu, mvua ilinyesha asubuhi. Saa nane mchana Fortunée alifika chini ya tuta akakuta maji yamebadilika. Hayakuvuja tena, yalibubujika, na yalikuwa mekundu kwa matope. Alijua. Alimpigia simu Joachim akamwambia azuie watu wasipite njia ya daraja la kijito, huko chini. Kisha akateremka mbio kati ya bustani, akiwaita wanawake kwa majina. Alikuwa amekulia humo, aliwajua wote. Wanawake kumi na wanne waliacha majembe wakapanda kilimani.

Alipowahesabu, mmoja hakuwepo. Mama Henriette, mwenye miaka sabini na moja, hasikii vizuri. Alikuwa bado ameinama kwenye tuta lake la viazi. Fortunée alirudi. Alimshika mkono, akamvuta, akamsukuma juu ya ukingo wa mawe. Nyuma yao tuta la bwawa likaachia, maji yakamchukua Fortunée.

Walimpata siku ya pili, karibu na daraja.

Mama Henriette alizungumza nasi juzi. Hakulia. "Alinisukuma kwa mikono yote mbili," alisema. "Minye nilikuwa nimemaliza kuishi. Yeye alikuwa na kazi. Bale benye kusoma barua yake, beko wapi?"

Kiwanda kilitoa tangazo. Kilisema ni maafa ya asili, mvua kubwa isiyotarajiwa. Wasikilizaji, mvua ile ilikuwa ya Novemba. Hapa Likasi nani hatarajii mvua Novemba? Na wiki moja baada ya maziko, droni ilirudishwa kwa Mama Bibiane ndani ya katoni. Juu yake iliandikwa: kifaa kilichotumika bila idhini. Mama aliipokea, akatia sahihi, akaiweka kitandani kwa binti yake.

Kwa Mama Bibiane, kwa ndugu zake wote, kwa Joachim: poleni sana. Mungu awashike mkono. Mmezaa na kulea mtu, na mji huu una deni la heshima kwenu.

Na sisi tunaobaki tufikiri, lakini tusifikiri kimya. Kiwanda kile kina bwawa la pili. Tuta lake ni la udongo uleule, limejengwa mwaka uleule. Chini yake kuna nyumba, kuna kanisa, kuna soko dogo la jioni. Tumeuliza kiwandani nani anapima maji yake wiki hii. Tumeuliza ofisi zile tatu zenye mihuri. Mpaka dakika hii ninaposema nanyi, hakuna aliyetupatia jina.