Javel Katika Mfereji wa Mangobo

Jumatatu asubuhi, mfereji wa Mangobo ulinuka Javel, ile tunayosafishia choo.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo aliposimama Wivine Kavugho, chupa mkononi, bila kuchota. Tunamkumbuka leo. Wivine alikuwa mtaalamu wa maabara hapa Kisangani. Alipima maji machafu ya mitaa akitafuta bakteria ambao dawa haziwaui tena. Mfereji mmoja hupokea maji ya nyumba nyingi, hata ya wagonjwa wasiofika hospitali.

Mama Germaine, anayekaa kando ya mfereji, alimjia akicheka.

"Mama docteur, leo utakosa harufu! Tumekusafishia."

"Mulimwanga Javel?"

"Si kila mara unatuma habari kama unakuja? Sasa mugeni tumuonyeshe uchafu? Tunamwangaka mangaribi, harufu inaisha usiku. Jana mvua, donc tukaacha mpaka asubui."

"Kumbe munaniuwaka vidudu vyangu!"

Wakacheka wote wawili. Kisha Wivine akaitazama chupa yake tupu.

Kila mara. Kwa miezi mitatu majibu yake yalikuwa mazuri: bakteria hao hawakuonekana. Kwa majibu hayo, kituo cha afya kiliendelea kuwapa watoto wenye homa kali dawa ileile.

Mume wake, Papa Feruzi, anasimulia: "Hakulala. Anageuka, anaamuka, anakaa. Nikamwambia, 'Mama Benie, lala basi.' Akanijibu, 'Niliwaambia iko muzuri. Na kama haiko muzuri?'"

Jumanne alishinda hakai kitini. Jumatano alirudi mferejini bila kutuma habari. Maji yalinuka kama maji ya mfereji. Alichota. Maabarani aliyatia kwenye sahani yenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na dawa ileile ya watoto. Chochote kitakachoota humo, dawa hiyo haikiwezi. Majibu yangeonekana kesho yake.

Jioni presha ilimpanda. Alifariki njiani kwenda hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Papa Feruzi, binti yake Benie, na familia yote, poleni sana. Nasi tuliobaki, tujiulize ni mara ngapi tumemsafishia mgeni kitu kilekile alichokuja kukiona.

Alhamisi asubuhi, Isaïe, mwenzake wa maabara, alifungua kabati la joto, akatoa sahani ya Wivine. Ilikuwa imejaa bakteria.