Kigari cha Kahawa na Ukungu wa Mchana

Kijiwe chetu kipo barazani kwa fundi redio Zuberi, juu kidogo ya soko la Lushoto. Kristofa, dereva mstaafu wa malori ya mbao ya Shume, hapo anaitwa Breki. Idrisa anaitwa Taarifa, kwa sababu kila jambo alishalisikia jana. Mimi huwaita kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Muuza kahawa wetu ni Nassoro, na goti lake la kulia limegoma. Mchana wa siku ninayoisimulia, binti yake Sharifa alikuwa anapanda kutoka Korogwe kuja kumchukua akaishi naye, na Nassoro akiondoka, kahawa inaondoka naye. Kwa hiyo Zuberi alitengeneza roboti: kigari kidogo cha kubeba vikombe viwili toka kwenye jiko la Nassoro hadi kwenye benchi letu upande wa pili wa baraza, kikifuata mstari mweusi aliouchora kwenye saruji, mwenye jiko akiwa amekaa. Lakini macho ya kigari ya kuonea mstari yaliungua, na mengine yangefika kwa basi Jumatatu. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

— Haya macho mapya umeyatoa wapi? Kristofa aliuliza.

— Kwenye taa za jua za bustani, Zuberi akajibu. Zile zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. Kinachoijulisha taa kwamba usiku umefika ndicho hiki.

— Taa za nani?

— Za mama watoto. Bado hajajua.

Asubuhi kulikuwa na jua. Kigari kilikwenda hadi kwenye benchi, kwenye alama nyeusi pana ya mwisho. Macho yote mawili yakiona weusi, kinasimama. Tukachukua vikombe, Kristofa akakigeuza, kikarudi. Nassoro alikunja mikono kama hakimu.

— Mgosi Nassoro, hata ukiumwa magoti yote mawili tutakunywa, alisema Idrisa.

Karibu na adhuhuri ukungu ukashuka toka msitu wa Magamba, ukaingia barazani, kukawa kama magharibi. Kigari kikasimama katikati ya njia, kahawa yetu ikiwa juu yake.

— Betri, alisema Kristofa.

Zuberi akapima. Betri ilikuwa nzima.

— Basi ni baridi. Hayo macho yametengenezwa nchi ya joto. Yavalishe soksi.

— Yataonaje ndani ya soksi, Breki?

— Lori langu nilikuwa nalifunika gunia, na lilikuwa linawaka.

Idrisa alitikisa kichwa. — Mnahangaika bure. Hayo macho yalikuwa na kazi ya usiku. Mlinzi wa usiku ukimwamsha asubuhi ubebe naye mizigo, atakwenda kidogo, halafu atalala. Hapo yamelala.

— Tuyaamshe vipi? Kristofa aliuliza.

— Yapewe kahawa. Hapo hapo yalipo.

— Usiguse, Zuberi alisema.

— Au basi ni adabu, Idrisa akaendelea. Toka asubuhi kinapita mbele ya wazee bila shikamoo. Kule Vuga kwa mfalme, enzi zile, ungepita hivyo? Miguu ingekataa.

— Kina magurudumu, alisema Zuberi.

— Ndiyo maana kimechelewa kukatazwa.

Tulicheka wote, isipokuwa Nassoro. Alikuwa anatazama barabarani. Akashika ukuta, akaanza kuinuka ili alete kahawa mwenyewe, na wakati huo huo Sharifa akatokea kwenye ukungu.

— Shikamooni wazee. Baba, mbona unasimama na hilo goti? Teksi inasubiri.

— Marahaba, mwanangu. Nilikuwa najinyoosha tu.

Sharifa akakitazama kigari. Zuberi akamweleza kazi yake, na namna kilivyogoma ghafla. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Sisi toka Soni tumewasha taa, mchana huu, alisema. Hiki mbona hakina taa?

Kristofa, aliyeendesha lori kwenye ukungu huo maisha yake yote, alitazama viatu vyake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti cha gesi, kile chenye kitochi kidogo kwenye kitako.

— Chukua, fundi.

Zuberi akakifunga chini ya kigari, katikati ya yale macho, akakibana kitufe kwa mpira. Duara jeupe likaonekana kwenye saruji, na macho yaliyokuwa yanaona weusi kila upande yakaona mstari peke yake. Kigari kikaondoka, polepole, kikasimama kwenye alama ya mwisho, miguuni pa Sharifa.

Akachukua kikombe, akanywa, huku akimtazama baba yake aliyekwisha kaa.

— Goti linaumaje?

— Goti lipi? Nassoro aliuliza.

Sharifa akarudi barabarani. Tulisikia mlango wa gari, kisha gari likiteremka. Akatokea na begi lake begani.

— Nimemwambia dereva aende. Nitalala hapa nione kesho kama kigari kinafanya kazi hata kwenye mvua, alisema, akarudisha kikombe juu ya kigari. Baba, kingine.