Mama Fyuzi Anastaafu, Gari Lake Bado Liko Gereji

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, fundi wetu mkuu wa umeme wa magari, anayejulikana kwa kila mteja kama Mama Fyuzi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa fundi injini. Amekataa, anasema hana uso wa kuuandika. Meneja naye akakumbuka ghafla kwamba ana kikao. Ndipo ikaniangukia mimi, mtunza stoo. Uso sina pia, lakini stoo ina mlango mmoja tu na walinikuta ndani.

Mama Fyuzi alipoanza kazi alipewa kibanda cha kuchaji betri, kwa kuwa ilidhaniwa hatadumu. Muda si muda akawa anafumua dashibodi nzima na kuirudisha bila skrubu hata moja kubaki mezani, jambo ambalo baadhi yetu hatujaliweza mpaka leo. Wakongwe wanalikumbuka basi la shule lililokuwa likipiga honi kila dereva alipowasha indiketa ya kushoto. Tulilibadilishia honi mara mbili. Yeye aliketi kiti cha dereva, akapapasa kidogo, akachomoa msumari ambao dereva aliupigilia kando ya usukani ili atundike koti lake. Ulikuwa umetoboa waya wa indiketa na wa honi kwa pamoja.

Kila waya alioufunga aliuvisha kipande cha plasta ya kidonda, akaandika juu yake kazi ya waya huo. Alitaka sana kuturithisha ufundi wake. Jumamosi baada ya kazi alikuwa akipanga taa, swichi na relei kwenye meza ya stoo na kutusubiri. Mwanzoni tulijaa. Kisha mpira ukaanza kuonyeshwa, mmoja akaumwa jino, mwingine akafiwa na mjomba yuleyule mara mbili. Mwishowe akawa anakaa peke yake. Sisi tuliona hakuna haja ya kujisumbua, maana waya ukileta ukorofi tungemwita tu.

Sasa habari ya gari, maana kila mtu ameshaisikia kwa namna yake. Nyuma ya chumba cha rangi limeegeshwa gari dogo la zamani, lake na la marehemu mumewe, aliyekuwa fundi saa. Injini yake ilikufa zamani. Tulichangishana, tukapata injini mpya kidogo, ya kompyuta, tukakubaliana kuipandikiza kwa siri ili Ijumaa mwenyewe aondoke akiliendesha. Fundi bodi alichomelea vikalio vipya vya kushikilia injini, nayo ikakaa barabara. Zikabaki nyaya. Injini ya kale ilihitaji nyaya chache. Hii ilikuja na fungu zima kama kichwa kisichochanwa. Kumwuliza Mama hatukuweza, kwa kuwa zawadi ilikuwa yake. Fundi injini akachukua koleo, akakata nyaya zote za zamani ili aanze upya. Mimi nikatoa stoo roli zima la waya wa bluu, kwa sababu ndilo lililokuwepo. Tukafunga injini nzima kwa rangi moja, bila plasta hata moja.

Jumanne mchana, Mama Fyuzi akiwa ofisini kwa meneja akinywa chai, fundi injini akazungusha ufunguo. Waipa zikaanza kucheza, honi ikalia na kugoma kunyamaza, moshi ukatoka kwenye dashibodi. Tukiwa bado tunasukumana nani aikimbilie betri, yeye alikuwa ameshafika na kuichomoa. Aliinama akatazama kazi yetu kwa muda mrefu. Aliuliza waya wa pampu ya mafuta ni upi. Hatukujua. Ulikuwa wa bluu, na nyingine zote zilikuwa za bluu.

Laiti aibu ingeishia hapo.

"Na zile nyaya za zamani mmeziweka wapi?" aliuliza.

Nilijibu mimi, kwa kuwa takataka nazo ziko chini yangu: zilichukuliwa na gari la taka siku iliyotangulia. Akasema sawa, akarudi ofisini kumalizia chai yake. Baadaye fundi rangi, aliyemfahamu mumewe, alitueleza kwamba gari lile walilifunga nyaya wao wawili, mke na mume, mwaka walipooana. Mke alifunga, mume akaandika plasta, kila moja kwa mwandiko wake mdogo wa fundi saa. Hatukujua, lakini tungeweza kuuliza. Tumeona haya na bado tunaona haya, na fundi injini hali chakula cha mchana na wenzake tena.

Tulimwendea mmoja mmoja kumwomba radhi. Alitusamehe wote, tena kwa upole, jambo lililotumaliza kabisa. Tukapata ujasiri wa kumwomba afunge hizo nyaya yeye mwenyewe, maana kwake ni kazi ya siku mbili.

"Sifungi," alisema. "Mtafunga nyinyi. Mimi kuanzia Jumamosi ni mteja."

Kwa hiyo ratiba ya kumuaga Ijumaa inaposema kwamba saa tisa meneja atamkabidhi ufunguo, haisemi uongo. Ufunguo atakabidhiwa. Gari litakuwa juu ya jeki, naye atapelekwa nyumbani na meneja.

Mama Fyuzi, asante kwa miaka yote uliyotuwashia magari ya watu na kutusitiri mbele ya wenyewe. Tunakutakia mapumziko yenye afya na wajukuu wasiokuchosha. Na utakapopiga simu kuulizia gari lako, sisi tukakwambia uje kesho, tafadhali usituamini.