Dirisha la Mume wa Daphrose

Katika basi la kwenda mtaa wa Mutanga Nord, Amélie alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mzee Seifu, seremala wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa akimweleza mama Daphrose kwa nini chumba cha mumewe kina joto kama tanuri.

"Dirisha ya kioo inaangalia magharibi, mama. Pazia ya ndani haisaidie, jua inakuwa imeshaingia. Weka mbao inje, ufunge saa nane. Hata feni utaizima."

"Apana, mzee. Tangu miguu imukatae, ile dirisha njo macho yake. Ananiona nikitokea kwenye kona, ananipungia mukono. Ukiifunga, ataangalia nini?"

Amélie, aliyekuwa akimuunga mkono seremala moyoni, akajikuta hana upande tena.

Seifu akanyoosha vidole vyake, akavilaza kidogo. "Na tukiweka vibao vyembamba, tuvilaze, jua izuiwe kule juu, na yeye aone barabara?"

"Ataona uso wangu, ao miguu tu?"

"Akikaa kitandani, macho yake yanafika wapi?"

Daphrose akasimama, akaweka kiganja kifuani kuonyesha kimo. Seifu akatoa futi yake ya kupimia mfukoni, akainama katikati ya njia kumpima toka sakafuni. Basi likasimama, na abiria wa nyuma waliotaka kushuka, Amélie akiwa wa kwanza, wakangoja mpaka mzee amalize kupima.