Zamu ya Usiku Ilinifichia Ugonjwa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia. Mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana ameniomba nisimame niwaeleze ilikuwaje, maana baadhi yenu mlishaanza kuulizana nani atachimba kaburi langu. Msiangalie chini, habari nilizipata. Akina mama mtanisamehe, yapo maneno nitayasema ambayo hatujazoea kuyasema mbele yenu, lakini nikiyazungusha leo hakuna atakayefaidika. Majina sitataja. Anayejijua atajijua.

Nimeendesha injini kwenye mashine ya kukoboa mpunga, hapa hapa Ifakara, miaka kumi na minne, na yote ilikuwa zamu ya usiku. Wakati wa msimu tulikoboa mpaka alfajiri ili malori yapakie asubuhi. Mpunga ukiisha, tajiri aliniacha pale pale nilinde injini na magunia. Mchana nilikuwa shambani. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande, nusu saa hapa, saa nzima pale, watoto wanapiga kelele uani. Na nilijisifu, nawaambieni ukweli. Nilikuwa nawacheka wenzangu wa zamu ya mchana, nikiwaita wagonjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwanaume mwingine ugonjwa huu ukimwanza, anaamka usiku kwenda kukojoa. Mara mbili, mara nne. Mke anasikia mlango, asubuhi anamwuliza. Mimi nani angeniuliza? Nilikuwa macho usiku kucha! Nilitoka nyuma ya lundo la pumba, nikasimama, mkojo ukakataa, yakatoka matone, nikarudi kwenye injini, na baada ya muda mfupi nikatoka tena. Wabebaji walikuwa wanakoroma juu ya magunia. Nikajiambia ni chai ya rangi, maana nilikunywa birika zima nisije nikasinzia karibu na mkanda wa mashine. Kiuno kikauma, nikasema ni magunia. Mwili ukaisha nguvu, nikasema kazi hii nani haimchoshi? Ilikwenda hivyo miaka miwili, pengine mitatu.

Ikaja mvua ile ya Elnino. Maji yakaingia mpaka kwenye injini, barabara ikakatika, tajiri akasema nendeni majumbani mpaka pakauke. Ndipo nikalala kwangu usiku, siku zikifuatana, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mtoto wetu wa pili alipozaliwa. Usiku wa tatu nilirudi ndani nikamkuta mke wangu amekaa kitandani.

"Umetoka mara saba," akasema. "Nimehesabu. Una nini?"

"Mvua hii. Baridi."

"Baridi hiyo hiyo ninayo mimi, mbona sijatoka?"

Nikamfokea. Nikamwambia mwanamke anayehesabu mikojo ya mumewe amekosa kazi. Asubuhi nilimkuta amevaa, ameshika mwavuli, anasubiri tuondoke kwenda hospitali.

Daktari alikuwa sawa kwa umri na mdogo wangu wa mwisho. Akaniambia nivue suruali, nilale ubavu, anataka kupima tezi dume kwa kidole, kwa njia ya nyuma. Mnacheka. Chekeni, hata mimi ningecheka. Nikainuka, nikafunga mkanda wangu, nikatoka. Mke wangu alikuwa kwenye benchi nje. Nikamdanganya kwamba wamesema ni ngiri, dawa yake ni ya miti shamba.

Basi nikaenda kwa mganga mmoja kule upande wa Malinyi, nikanywa mizizi miezi mitano. Sina ugomvi na mzee yule. Nilimpelekea ugonjwa wa uongo, naye akautibu huo huo niliomtajia. Wakati huo injini ilishatengenezwa na mimi nimesharudi zamu, kwa hiyo mke wangu hakuwa na usiku wa kuhesabu tena. Aliniuliza kama dawa inafanya kazi, nikasema nimepona. Ndugu zangu, miezi ile mitano inaniuma kuliko kisu.

Siku moja shambani, jua la mchana kali, mkojo ukafunga kabisa. Tumbo likavimba. Jirani yangu akanipakia kwenye baiskeli, na kila tuta tulilopita nililia kwa sauti, watu wa njiani wakisimama kuangalia. Hospitali wakaniwekea mpira wa mkojo. Nilipofumbua macho namwona daktari yule yule. Hakunikumbusha kitu. Akapima kwa kidole, nami nikalala ubavu. Wakakata kinyama, kikapelekwa Dar es Salaam kwa treni, na majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa: kansa, na imeshafika kwenye mifupa ya kiuno.

Nikamwuliza, "Daktari, ni usiku ule? Miaka kumi na minne sijalala kama binadamu. Ni huo ulionifanya hivi?"

Akasema, "Mzee, wapo wataalamu wanaoshuku kwamba kazi za usiku zinaharibu mpangilio wa mwili. Kama zinaleta kansa kwa wanaume, hatujui. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya, na nikikwambia hapana vilevile."

Nilimchukia kwa jibu lile. Nilitaka aniandikie kwenye karatasi kwamba ni usiku, nikaibandike kwenye geti la tajiri. Mpaka leo sijui, na kutojua huko kunanichoma. Ninalolijua ni moja: usiku ule ulinifichia ugonjwa, na mimi nikausaidia kuuficha.

Daktari akaendelea. Kansa hii, akasema, inalishwa na kile kinachotoka kwenye korodani. Zikiondolewa, itakosa chakula, italala. Barabara bado mbovu na dawa za kufanya kazi hiyo bila kisu hapa hakuna. Akaniwekea karatasi ya kukubali upasuaji. Nikaisukuma. Nikamwambia mke wangu, "Nirudishe nyumbani nife nikiwa mwanaume."

Hakulia yule mama. Alikasirika.

"Ukifa hutakuwa mwanaume, utakuwa marehemu," akasema, wodi nzima inasikia. "Miaka kumi na minne nalala peke yangu na mume ninaye. Leo ndiyo unakionea huruma kitanda changu? Mimi sijaja hapa kudai hicho. Nataka mtu wa kuongea naye nikizeeka. Weka sahihi."

Nikaweka, huku machozi yananitoka mbele ya wagonjwa wenzangu.

Sikupona, msidanganyike kwa kuniona nimesimama. Daktari anasema imelala, na inaweza kuamka. Lakini maumivu ya kiuno yameisha, nakojoa mwenyewe, na mwaka huu nimepalilia mpunga kwa mikono yangu. Kuna jina la kejeli nimepewa kilabuni tangu upasuaji ule. Aliyenipa yuko humu ndani, na ninamwona anavyokwepa macho yangu. Liliniuma, ndugu yangu, nililia kwa sababu ya jina lile. Ila nakuomba kesho uende ukapimwe, maana na wewe ni mtu wa zamu ya usiku.

Namshukuru jirani wa baiskeli. Nawashukuru akina mama wa jumuiya waliovuna shamba langu nikiwa wodini, wala hawakuja kunisimulia. Namshukuru daktari yule kwa kutonisema. Mke wangu yuko pale nyuma, hataki nimshukuru mbele za watu, basi nimemaliza.

Ninyi wenzangu wa usiku, walinzi, wauguzi, waendesha mashine, hesabuni wenyewe mnavyotoka, kwa kuwa hakuna aliye macho wa kuwahesabia. Mkojo ukikataa, msiusingizie chai. Na daktari akisema lala ubavu, lala. Ni dakika moja tu.

Juzi tajiri alimtuma mtu kwangu. Amesikia nimepata nafuu, ananipa pole, na kuna nafasi ya ulinzi usiku, kazi nyepesi ya kukaa tu. Nikamwambia yule mjumbe amsalimie sana, amwambie usiku uliobaki nimempa mke wangu. Yeye halipi, lakini nikiamka anajua.